Kitabu kwa Msomaji wa Miaka Kumi na Mmoja

Kwa zaidi ya miaka 15 nimefundisha riwaya ya Kiswahili hapa Njoro, na mara kadhaa wachapishaji wameniomba niwasomee miswada ya watoto. Kazi hiyo niliifanya jioni, baada ya kusahihisha tasnifu, nami niliiona kuwa nyepesi. Nilitafuta mambo matatu: sarufi sanifu, msamiati unaolingana na darasa, na funzo. Muswada uliokuwa nayo niliupitisha. Kwa hiyo makala haya ni ungamo la mhakiki aliyependekeza vitabu ambavyo yeye mwenyewe asingevisoma hadi mwisho.

Aliyenifumbua macho ni binti wa jirani, mwenye umri wa miaka 11, aliyebisha hodi likizo ya Aprili akitaka hadithi. Nilimpa kimojawapo cha vitabu hivyo. Kesho yake asubuhi alikirudisha. "Nimemaliza, Mwalimu," alisema, "lakini ukurasa wa pili nilishajua kwamba yule mtundu atavunjika mguu." Sikuwa na la kujibu. Katika ripoti yangu juu ya muswada huo nilikuwa nimeusifu kwa sababu adhabu ya mhusika "inatoa funzo bayana".

Jambo hili lina uzito wa pekee katika mji kama wetu. Watoto wa Njoro hutoka katika jamii nyingi, na uwanjani lugha yao ni Kiswahili. Wazazi wao, walioziona ghasia za 1992 na zile zilizofuata uchaguzi wa 2007, wanaijua thamani ya lugha isiyo ya upande mmoja. Lakini mtoto huyo huyo anayetaniana, kugombana na kupatana kwa Kiswahili, akitaka kusoma kwa raha hushika kitabu cha Kiingereza. Kiswahili kilipofanywa somo la lazima la kutahiniwa chini ya mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, tulishangilia, na kwa haki. Hatukuona kwamba kitabu cha Kiswahili kingeanza kunukia chaki. Baina ya kijitabu cha picha na kitabu teule cha sekondari pamebaki pengo, na ndani ya pengo hilo wamo wasomaji wa miaka 9 hadi 13.

Nilijaribu tena. Safari hii nilimpa Marimba ya Majaliwa cha Edwin Semzaba, kilichotoka mwaka 2008. Wengi wetu tunamjua marehemu Semzaba kwa tamthilia ya Ngoswe. Sijui ni wangapi tumemsoma katika kitabu hiki, kinachomfuata mvulana anayeizunguka Tanzania akiitafuta marimba yake. Siwezi kudai kwamba hakina mafunzo. Kimejaa jiografia ya nchi nzima! Tofauti ni kwamba mtoto hafundishwi mahali. Anafika mahali kwa sababu kuna kitu anachokitaka kwa moyo wote. Binti alikaa nacho wiki mbili. Alirudi mara moja tu, kuuliza kama ninayo ramani, na kunionyesha orodha ya maneno asiyoyajua. Yalikuwa mengi. Kwa kipimo changu cha zamani, kitabu hicho kingekataliwa kuwa kigumu.

Pendekezo langu la pili litawashangaza baadhi ya wenzangu. Alice wa Lewis Carroll aliingia katika Kiswahili mwaka 1940, kwa mkono wa Ermyntrude Virginia St Lo Malet, akiitwa Elisi. Mwaka 2015 Ida Hadjivayanis alichapisha tafsiri mpya, Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu. Nitaulizwa: tuna uhaba gani hata tupendekeze tafsiri? Uhaba wa upuuzi, nitajibu. Carroll aliyadhihaki mashairi ya maadili ambayo watoto wa Uingereza ya zama zake walilazimishwa kuyakariri. Ni nani atakayeielewa dhihaka hiyo kuliko mtoto wetu aliyesimamishwa gwarideni kughani faida za bidii? Zipo sehemu ambazo mchezo wa maneno hauvuki mpaka wa lugha, nami sizifichi.

Kuhusu Siku Njema (1996) ya Ken Walibora nasita. Safari ya Kongowea kutoka Tanga kumtafuta baba yake inamfaa kabisa mwenye miaka 13, lakini afadhali aipate kabla ya mtu kumwambia ataje sifa sita za mhusika mkuu.

Kupendekeza ni rahisi. Kupata kitabu ni jambo jingine. Madukani Nakuru mwezi Januari rafu hupangwa kwa orodha ya mtaala, na vitabu vya Dar es Salaam ni adimu kana kwamba vimevuka bahari. Hadithi za mradi wa African Storybook hupatikana bure mtandaoni, ila nyingi zinamlenga anayeanza kusoma. Na sisi wa idarani? Nimesimamia tasnifu nyingi kuhusu riwaya za watu wazima. Kuhusu kitabu cha msomaji wa miaka 11, sijasimamia hata moja.

Nakala yangu ya Marimba ya Majaliwa haijarudi. Nilipouliza, binti aliinama kidogo, akasema iko Molo, kwa binamu yake, na kwamba huko nako kuna mwingine anayeingoja.