Kiwanja Tabora si embe la kuokota

Wajanja wa Dar wanadhani ardhi ya mikoani inaokotwa tu kama embe lililoanguka. Msomaji wangu, shuka pale stesheni ya Tabora uone. Kabla hujajipangusa vumbi dalali keshakuamkia "Mwangaluka!" na anakuuliza unataka kiwanja cha kujenga au cha kuficha hela.

Mimi nilitaka cha kujenga. Nina akiba ya miaka minne, jasho langu tupu, kwa hiyo sikuwa na haraka ya kuitoa. Dalali akanipakia kwenye pikipiki mpaka upande wa Kwihara, nje kidogo ya mji, kwenye lile tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872 akingoja wapagazi baada ya Stanley kurudi pwani. Njiani miembe mikubwa! Wenyeji wanasimulia kuwa ilitokana na misafara ya pembe na watumwa, ile iliyokuwa ikikatiza kati ya Bagamoyo na Ujiji.

Usidhani ugomvi wa ardhi na ushuru hapa umeanza na madalali. Mwaka 1860 wafanyabiashara Waarabu walimng'oa mtemi wa Unyanyembe, Mnywa Sele, kisa aliwadai ushuru, wakamsimika Mkasiwa. Mgeni kapewa pa kujenga, kageuka kuchagua mwenye nyumba! Tena njia nzima misafara ililipa hongo kwa watemi ili ipite. Enzi zile hongo ilikuwa ushuru wa wazi kabisa, inajadiliwa mchana kweupe. Sisi ndio tuliolifanya neno la kunong'onezana.

Na dalali wangu alinong'ona kweli. "Mdogo wangu, toa kitu kidogo cha kulainisha, karatasi yenye muhuri unaipata leo leo."

"Namba ya kiwanja ni ngapi, kaka?"

"Namba ya nini? Mpaka si ule mwembe!"

Hapo ndipo vijana wengi wanapoingizwa mjini. Karatasi ya mauziano si hati, hata igongwe mihuri kumi. Kwa sheria za mwaka 1999 ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais ndiye mdhamini. Unachonunua ni haki ya kuitumia, kwa mfano miaka 33, 66 au 99, na kodi ya pango unalipa kila mwaka. Kiwanja kilichopimwa kina namba, kina kitalu, kina mawe ya mipaka. Ukishika namba unakwenda ofisi ya ardhi kuomba upekuzi, unajua mwenyewe ni nani na kama benki imekishikilia kwa mkopo. Muuzaji akiwa na mke, naye aridhie, la sivyo mtakutana mahakamani na matofali yako.

Tukiwa bado tunabishana akapita mzee na baiskeli ya mkaa.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Na wewe unanunua hapa?"

Lile "na wewe" lilinitosha. Dalali ghafla akawa na simu ya kupokea.

Hela yangu iko palepale benki. Sasa naulizia vilivyopimwa tu, bei imechangamka kweli, lakini nalala usingizi. Dalali hajakata tamaa. Juzi kapiga tena: bei imeshuka, na mwembe ananiachia bure.