KITENDAWILI NDANI YA KIDUDE

Wahenga walinena, usidharau kiselema, chalima kikapita jembe zima. Kiselema, kwa wasiolijua neno hilo, ni jembe lililolika kwa kulima hata likabaki kipande. Katika ukurasa huu nataka kukusimulia habari za kiselema kimoja kutoka Japani, kiitwacho Game Boy. Kiliacha kutengenezwa mwaka 2003, kabla hata mimi sijazaliwa, lakini hadi leo watu wangali wanakitolea programu mpya. Mmoja wa watu hao ni mimi ninayekuandikia. Usicheke, endelea kusoma!

Game Boy ni kidude cha kuchezea michezo kinachoshikwa mkononi. Kampuni ya Nintendo ilikitoa tarehe 21 Aprili 1989. Bwana Gunpei Yokoi, aliyeongoza wabunifu wake, alikuwa na falsafa moja ya ajabu: chukua teknolojia kuukuu ambayo bei yake imeshuka, kisha uitumie kwa njia mpya. Wapinzani wake walitoa vidude vyenye rangi za kupendeza, Atari Lynx mwaka 1989 na Game Gear ya Sega mwaka 1990, lakini vilifyonza betri 6 mithili ya kupe. Kidude cha Yokoi kilikuwa na vivuli 4 tu vya rangi ya majani makavu, na kilitumia betri 4. Unadhani nani alishinda? Pamoja na ndugu yake Game Boy Color, kiliuzwa zaidi ya milioni 118 duniani.

Ndani yake hakuna maajabu. Kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ni kilobaiti 8. Mchezo mashuhuri wa Tetris uliingia wote ndani ya kilobaiti 32. Picha moja ya simu ya megabaiti 3 ni kubwa kuliko mchezo huo mara 96! Hapa kwetu wengi hawakukiona kidude hiki. Wazazi wetu walikijua kile cha bei nafuu kilichoitwa Brick Game, cha kupanga matofali tu basi.

Mimi nilikipata kwa mjomba wangu anayefanya kazi Mombasa. Alikiona kwa muuza mitumba, akakinunua kwa bei ya kutupa kwa sababu hakikuwa na kaseti hata moja. Akaniambia, "Mjomba, wewe si ndiye fundi wa kompyuta? Kitafutie kazi."

Nilipouliza katika chumba cha kompyuta, ndipo nilipojua kuwa kuna watu kote duniani wanaovitengenezea vidude vya zamani michezo mipya bila kutumwa na kampuni yoyote. Kwa Kiingereza kazi hiyo imepewa jina la pombe inayopikwa nyumbani. Mwalimu wetu alipolisikia jina hilo alishtuka kidogo, kisha akacheka mpaka miwani ikamtoka. Mimi naziita programu za kupikwa nyumbani, na wala hazilewishi. Mwaka 2017, kwa mfano, ulitolewa mchezo uitwao Tobu Tobu Girl, mzuri kushinda mingi ya kulipiwa. Waliouunda waliutoa bure, na hata maandishi ya ndani ya programu wakayaacha wazi ili wengine wajifunze.

Zamani ilibidi mpishi ajue lugha ya mashine yenyewe, lugha kavu kama mfupa. Mwaka 2019 Chris Maltby alitoa chombo cha bure kiitwacho GB Studio. Humo unapanga picha, unaweka wahusika, unachagua kitakachotokea mchezaji akibonyeza kitufe, na chombo chenyewe kinakutafsiria kwa lugha ya mashine. Toleo la 4 lilitoka mwaka 2024, nalo likaleta jambo lililonifaa sana: unaweza kumuunda mhusika mmoja wa mfano, ukamweka mahali pengi. Ukimrekebisha yule wa mfano, wote wanarekebika. Jambo hili litunze akilini, nitalirudia.

Sasa, mpenzi msomaji, hapa ndipo maji yalipozidi unga. Nilipokifikisha kidude nyumbani, mama alikitazama kama mtu aliyeona nyoka jikoni.

"Hiyo kitu ni ya nini?"

"Ni gemu, mama, lakini..."

"Gemu? Katika nyumba hii? Jumapili isikipate hapa!"

Mama hakuwa mkali bure. Ndugu yangu mkubwa alikuwa mwerevu kunishinda, hilo nalikiri bila haya. Alipokuwa kidato cha tatu alizoea kupitia kibanda cha michezo ya video njiani. Mwanzoni walicheza kwa kujifurahisha, baadaye kwa shilingi 20, halafu 50. Kutoka hapo ilikuwa hatua moja tu hadi kamari ya simu. Muhula mmoja alipewa shilingi 8,000 za karo akazilipe. Hazikufika shuleni. Mama alizipata pesa hizo kwa kuuza sukuma wiki na nyanya sokoni, akiamka saa kumi za alfajiri. Tangu siku ile ndugu yangu hakurudi darasani, na mama hakumkemea tena. Kunyamaza kwake kulikuwa kubaya kuliko kemeo. Walikula meza moja kama wasafiri wawili wasiojuana.

Kwa hivyo niliposema neno gemu, nilitonesha kidonda. Nilimwomba mama anipe likizo moja tu. Nilimwambia kuwa ndani ya kidude kile hakukuwa na mchezo wowote, na kama utakuwemo, tutautia wenyewe, na yeye ataukagua. Alinitazama kwa muda mrefu. "Likizo moja," akasema. "Na pesa isiguswe."

Kabla ya kuendelea, wacha nijibu swali nililoulizwa na mwalimu mmoja: je, huu si wizi? Ni swali zuri. Kunakili mchezo wa mwingine ni wizi, hata kama kidude ni cha zamani. Kutunga mchezo wako si wizi, kama vile kuandika insha yako kwenye daftari la kiwanda fulani si kumwibia mwenye kiwanda. Lakini wenye viwanda walijaribu kuweka kufuli. Kila Game Boy inapowashwa hutafuta ndani ya kaseti baiti 48 ambazo ni picha ya jina la Nintendo. Isipozikuta sawasawa, inagoma kabisa, hairudi nyuma haiendi mbele. Kwa hiyo kila mpishi wa nyumbani hana budi kuzitia. Huko Marekani kampuni ya Sega, iliyokuwa na kufuli linalofanana na hilo, iliishtaki kampuni ya Accolade, na mwaka 1992 mahakama ya rufani ikaiunga mkono Accolade. Mwenye mlango hawezi kukulazimisha utaje jina lake ndipo uingie, halafu akushtaki kwa kulitaja!

Basi nikaamua kutunga mchezo wa vitendawili. Sababu yangu ilikuwa nyepesi. Nyanya yangu ana vitendawili vingi kichwani, na sisi wajukuu tuko na simu. Mwishowe atakwenda navyo.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa Kiswahili chenyewe. Kioo cha Game Boy kina vidoti 160 kwa 144. Ukitumia herufi za upana mmoja, mstari mmoja huchukua herufi 20, na ukiweka fremu kando zinabaki 18. Waingereza na maneno yao mafupi wanakaa raha mustarehe. Sisi je? Neno moja tu kama "watakaotufundisha" lina herufi 17! Nilikata tamaa kidogo. Halafu nikaanza kuhesabu vitendawili vya nyanya. "Kuku wangu katagia" ni herufi 18 pamoja na nafasi, kisha "mwibani" linashuka chini. "Nyumba yangu haina" ni 18 vilevile, kisha "mlango". Wallahi nilisimama nikapiga makofi peke yangu. Ni kama waliotunga walipima kwa rula. Tena Kiswahili hakina alama juu ya herufi kama Kifaransa. Ukiwa na kile kibano cha ng' umemaliza kazi.

Kikwazo cha pili kilikuwa picha. Mimi kuchora sijui, hata kuku wangu hufanana na birika. Usiku mmoja nikaliacha daftari langu la hesabu mezani, lile la miraba. Nilikuwa nimepiga mstari kuzunguka miraba 16 kwa 16, nikijaribu kumchora nyanya akiwa ameketi. Asubuhi nikakuta mraba wa pili umejazwa kwa penseli: bibi kizee mwenye leso, ameinama kidogo, na mkongojo wake. Miraba 256 tu, lakini ni yeye hasa! Nilijua mkono ule. Sikusema kitu. Usiku uliofuata niliacha miraba mingine sita na orodha: mvuvi, mama mboga, makanga, mwalimu, mtoto, mbuzi. Asubuhi wote walikuwa tayari, na mbuzi alikuwa anatafuna shati la makanga.

Hivyo ndivyo ndugu yangu alivyoingia kazini, bila kuombwa na bila kujitangaza. Siku ya nne akavuta kiti. "Mtu akishindwa inakuwa aje?" akaniuliza. Nikamwambia nimepanga mchezaji aanze na sarafu 100, akikosa zipungue. Uso wake ukabadilika.

"Hapana. Pesa isikuwe ndani. Hata ya uongo."

"Sasa atapoteza nini?"

Akafikiri. "Nyanya hufanya aje? Ukishindwa si unampatia mji?"

Lo! Jibu lilikuwa chini ya pua yangu. Katika vitendawili vyetu mtegaji husema "Kitendawili!" nasi tunajibu "Tega!" Tukishindwa anadai mji. Tunampa Lamu au Kisumu, naye anajisifu kidogo jinsi alivyopokewa huko, ndipo anapofichua jibu. Huu ni mchezo kamili wenye kanuni zake, uliokuwepo kabla ya betri. Anayeshindwa hatoki mikono mitupu, kwa sababu anaondoka na jibu. Kamari haina huruma hiyo. Ukishindwa inachukua chako na haikufundishi chochote, ila kurudi tena.

Tukafuta sarafu zote. Mchezaji huanza na miji 10. Wategaji wako 12 kijijini, na hapa ndipo lile toleo la 4 liliponiokoa: niliunda mtegaji mmoja wa mfano, nikamweka mahali 12. Ndugu yangu alipotaka kila mtegaji ajisifu kwanza kabla ya kutoa jibu, nilirekebisha mmoja tu, wote wakafuata. Mchezo wote ukaja chini ya megabaiti 1. Tuliujaribu kwanza ndani ya kompyuta ya shule kwa programu ya bure iitwayo mGBA, inayojifanya Game Boy. Kisha mjomba akatutumia kaseti ya kuandikwa upya.

Toleo la kwanza lilikuwa na vitendawili 24. Jioni ya mwisho ya likizo nilimpa mama kidude kama nilivyoahidi. Alivaa miwani yake ya kusomea, akamkuta yule bibi kizee wa miraba 256, akabonyeza. Alipata vitendawili vitano mfululizo. Cha sita kikamshinda.

"Hii kitu inataka nipeane mji," akasema. "Nimpe gani?"

Nilitaka kujibu, lakini ndugu yangu alinitangulia kutoka mlangoni. "Mpe Malindi, mama."

Mama akageuka. "Nani alichora huyu mama?"

"Ni mimi."

Akatazama kioo tena, kwa muda. "Leso umeifunga vizuri," akasema. Kisha akasogea kwenye benchi, na ndugu yangu akaketi kando yake. Walipoteza Malindi, wakapoteza Nakuru, na Voi, huku wakibishana kwa sauti. Wee! Ilikuwa miaka mitatu tangu niwasikie wawili hao wakibishana.

Sitaki kukudanganya kwamba kidude kilitibu kila kitu. Ndugu yangu hajarudi shuleni. Anafanya kazi kwa fundi wa kuchomea vyuma, na kila Jumamosi anamwekea mama kiasi fulani mezani bila maneno. Mama huzihesabu, na nadhani anajua zimefika ngapi kati ya 8,000. Lakini sasa nyanya akija anawekwa katikati, na ndugu yangu hushika penseli. Toleo la pili tulilitoa likiwa na vitendawili 60, na mbuzi amepewa kazi ya kutega.

Wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili, tumezoea kulalamika kwamba lugha yetu haimo ndani ya mashine. Nani ataitia kama si sisi? Kompyuta za shule zipo, chombo ni cha bure, na nyanya zetu wangali hai. Ukitaka kuujaribu mchezo wetu, umo katika kompyuta ya tatu kutoka mlangoni, na walimu wetu wapenzi wanakaribishwa pia. Ila nawatahadharisha: mtegaji wa 12 ni mkali. Mpaka ninapoandika haya amekwisha kutwaa Mombasa mara nyingi kuliko Wareno.