Kompresa Haikuwa na Kosa

Kusema ukweli, safari ile tuliianza tumenuniana. Wiki mbili nyuma niligundua mume wangu kamkopesha mdogo wake pesa bila kuniambia, nikampa somo la uwazi katika ndoa mpaka akaomba poo. Sasa tunatoka Dar kwenda Lindi kwa wazazi wake, mara yangu ya kwanza tangu harusi, na ndani ya gari inayoongea ni redio tu.

Kilomita chache kabla ya Somanga tairi la nyuma likaanza kulegea. Tairi la akiba nalo halina upepo. Mume wangu akatoa kwa mbwembwe kompresa yake ndogo ya Kariakoo, ile ya kuchomeka kwenye tundu la kiberiti cha sigara. Akabonyeza. Kimya.

"Ndiyo vitu vyako vya bei poa hivyo," nikamwambia.

Hapo, mpenzi msomaji, nilikuwa najua kitu. Tulipokuwa Ikwiriri, yeye kashuka kununua maji, mimi nilichomeka inverta kwenye tundu hilohilo ninyooshe nywele, mama mkwe anikute nimependeza. Ikalia "tap!", ikafa. Nikauchuna.

Kijana mmoja wa bodaboda akasimama. Hakuigusa kompresa, alichomeka kwanza chaja ya simu. Nayo kimya. "Kaka, mashine yako nzima. Fyuzi ndiyo imeungua." Abiria wake akashauri tuunganishe kwa waya, yule kijana akakataa katakata: fyuzi hukatika ili nyaya za gari zisiungue, sasa ukiweka waya kitakatika nini? Fyuzi ya redio ilikuwa na namba ileile, 15. Akaihamisha, akataka injini iwashwe ili betri isiishe, na kompresa ikanguruma.

Lakini tairi halipandi. Upepo ulikuwa unavujia kwenye valvu, sssss, kwa sababu kichwa cha mpira kilibanwa kabla hakijazama vizuri. Kikarekebishwa. Dakika kumi hivi, ikazima yenyewe! Mume wangu akanitazama kama mtu anayesubiri kofi. Kumbe ilikuwa imechemka tu, na hivi vimashine ukivikimbiza vinaungua kweli. Tukaipumzisha kivulini.

Cha kuchekesha, gesi ya Songosongo inapanda nchi kavu hapohapo Somanga, na tangu 2004 inazalisha umeme Dar. Sisi upepo wa tairi moja unatutoa jasho.

Geji iliposoma 32, tukajikongoja hadi Somanga. Msumari. Wakati fundi anaziba pancha tukanunua samaki wa kukaanga, na pale, mikono ina mafuta, nikamwambia habari za inverta.

Akaacha kutafuna. "Yaani ulijua muda wote ule?"

"Nilijua."

Nilitegemea anirudishie lile somo langu, neno kwa neno. Hakufanya hivyo. Alinawa, akalipa fundi, tukaingia garini. Mkono wake ukawa kwenye fyuzi.

"Zile pesa za dogo," akasema, "sikukutajia zote." Kisha haraka haraka: "Nirudishe fyuzi ya redio?"

"Iache hapohapo," nikamwambia. "Ni kiasi gani?"