Kibanja na Viwanja

Mdogo wangu alinijia na karatasi mkononi. Anataka tukikate kibanja cha marehemu baba, hapa Bweranyange, tupate viwanja 12. Wanunuzi wapo, asema, na mji unatufuata. Sikumjibu siku ile. Mawazo yangu yalikwenda Benaco.

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, kwa muda wa saa 24 hivi, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara. Benaco pakawa mji kabla majivu ya jiko la jana hayajapoa. Mwaka huohuo nilifika huko juu ya lori la ndizi. Niliona vinyozi, mafundi cherehani, mabucha na soko lililojaa watu. Mkono wa binadamu ni mwepesi wa kujenga. Vilivyopungua ni maji, vyoo na kuni. Akina mama walianza kuchanja kuni karibu, kisha mbali, kisha mbali zaidi, hata vilima vikabaki visiki. Desemba 1996 wakimbizi walirudishwa kwao; visiki vilibaki kwetu.

Bweranyange nayo ilikuwa makao ya wafalme wa Karagwe. Mwaka 1861 Omukama Rumanyika aliwapokea wasafiri Speke na Grant. Lakini nyumba za enzi hizo zilikuwa za miti na nyasi. Zilipoanguka, udongo ulizipokea na migomba ikaota juu yake. Saruji na mashimo ya vyoo havisameheki upesi namna hiyo.

Sisemi mji usije. Watoto wetu nao watalala wapi? Kosa letu ni kuanza na nyumba, kisha kutafuta pa kupitisha njia. Nyumba 12 ni vyoo 12, na chini ya kibanja, bondeni, ndiko iliko chemchemi tunayochota sote.

Juzi nikamwambia mdogo wangu: tukate tisa. Kwanza tupime barabara na mtaro wa maji ya mvua, na miti iliyo juu ya chemchemi isiguswe. Alinuna. Simlaumu, bei ya viwanja vitatu ni karo ya wanawe, nami sina cha kumfidia.

Karatasi bado iko mezani. Jioni nashuka kuchota maji, na kila nikiinama nahesabu upya: 12, au tisa?