Plagi Husomwa

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii niliielewa vyema si darasani bali gerejini, kando ya Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, nilipoandamana na baba yangu. Teksi yake, iliyotulipia karo, ilikuwa ikitetema kila iliposimama, na ikinywa petroli kupita kawaida.

Fundi aliifungua plagi moja, akaiinua kwenye mwanga. "Mzee, hii husomwa," alimwambia baba. Ncha ya rangi ya kahawia hafifu ni dalili ya afya. Masizi meusi makavu huashiria petroli kuzidi hewa. Utelezi wa oili, kuchakaa kwa ringi za pistoni. Weupe uliobabuka, joto la kupindukia. Aidha, mwanya baina ya ncha hupanuka kadiri cheche zinavyozila, na cheche zenyewe zikadhoofika.

Basi plagi zibadilishwe lini? Zile za kawaida za nikeli aghalabu hudumu kilomita 30,000 hadi 50,000. Za iridiamu huweza kufikia 100,000. Kijitabu cha gari ndicho mwamuzi, ila dalili zikitangulia, zisipuuzwe. Hata hivyo, plagi mpya haiponyi ringi kuukuu; chanzo nacho kitibiwe.

Mpenzi msomaji, fundi yule aliyaeleza yote hayo kwa Kiswahili, pasi na kamusi ya istilahi. Wanaodai kuwa lugha hii haimudu sayansi, na waende gerejini wakasikilize.