Bi Hawa wa Mistari Miwili

Nilipojiandikisha kusoma shahada ya sheria mwaka 2005, elimu ya masafa hapa Dar es Salaam ilikuwa elimu ya daladala. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilikwishaundwa kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1992, wanafunzi wa mwanzo wakaanza 1994, na makao makuu yalikuwa Kinondoni, Barabara ya Kawawa. Mimi nilikuwa karani katika ofisi ya uwakala wa forodha Kurasini, nikiishi Mbagala. Kufuata vitini kulimaanisha kupanda hadi Kariakoo, kugombania gari jingine la Kinondoni, kisha kurudi jioni na mzigo wa karatasi mapajani huku konda akidai nauli ya begi.

Wahadhiri tuliwaona siku za vipindi vya ana kwa ana. Muda mwingine tulifundishana wenyewe: askari polisi, mwalimu wa shule ya msingi, karani wa mahakama ya mwanzo, mama mmoja muuza vitenge aliyetushinda wote kwa sheria ya mikataba. Jumamosi tulikutana Temeke, kila mtu na alichopata. Aliyebahatika kuingia maktaba ya Mlimani, ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilichoanza kufundisha sheria mwaka 1961, alinakili hukumu kwa mkono au akalipia fotokopi, nasi tukachangia nakala za nakala yake. Kufikia mtu wa mwisho, maneno ya pembeni yalikuwa yameshaliwa na mashine. Mwaka 2006 mgao wa umeme ulipobana, usiku tulikesha na kandili.

Kwa uhaba huo tulijifunza kusoma kwa muhtasari. Kesi ikawa jina, mwaka na kanuni. Tulijua kwamba, katika kesi ya kutoka Scotland iliyoamuliwa mwaka 1932, konokono aliyedaiwa kuonekana ndani ya chupa ya kinywaji alizaa sheria ya uzembe tunayoitumia mpaka leo. Na tulijua kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Tanzania mwaka 1983. Katika daftari langu ilikaa mistari miwili: kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya wanandoa, tazama kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971.

Mistari hiyo miwili ilifanya kazi kubwa mtaani. Mbagala wakishajua unasoma sheria, huulizwi umefika mwaka wa ngapi. Jirani alinifuata uani nikianika nguo.

“Dada mwanasheria, shikamoo kwanza.”

“Shikamoo ya nini tena, dada yangu? Si umenizidi wewe?”

“Leo nina shida. Nimempikia, nimelea watoto, nimesimamia mafundi. Karatasi ya kiwanja ina jina lake peke yake. Mimi nina changu hapo?”

Nikamsimulia Bi Hawa. Alilipeleka jina hilo kwenye kikundi chao cha vikoba, na muda si mrefu wanawake nisiowafahamu wakawa wananisimamisha njiani kumuuliza Bi Hawa kana kwamba anaishi mtaa wa pili.

Mabadiliko yalikuja kwa vipande. Mwaka 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam, na intaneti ikaanza kwenda kwa mwendo unaovumilika. Tukatoka kwenye kafe za kulipia kwa saa, tukaja kwenye modemu za kuchomeka, kisha simu. Vitini vikawa mafaili, kazi zikapelekwa mtandaoni, lile kundi la Jumamosi likahamia WhatsApp. Machi 2020, vyuo vilipofungwa kwa sababu ya korona hadi Juni, hata waliozoea kumbi za mihadhara walionja maisha ya kusoma mbali na mwalimu.

Mimi nilikwisha kuhitimu. Sasa mpwa wangu ndiye anayesoma shahada ileile, akiwa Chamazi, kwa simu na bando la usiku. Ndiye aliyenionyesha TanzLII, mahali ambapo hukumu za mahakama zetu zinasomwa bure. Nikamwambia anitafutie Bi Hawa. Ikatokea hukumu yote, Rufaa ya Madai Na. 9 ya 1983, si mistari miwili.

Niliisoma hadi mwisho. Kanuni ilikuwa palepale: Jaji Mkuu Nyalali na wenzake walikubali kwamba kazi za mke nyumbani zinahesabika. Lakini Bi Hawa mwenyewe hakuongezewa kitu. Mume alikuwa amempa fedha za kuanzisha biashara ya familia, mahakama ikaona kwamba mke alizitapanya, na kwamba kiasi hicho kilitosha kuwa fungu lake. Wanawake wengi wameingia katika nyumba zao kupitia mlango alioufungua, yeye akabaki nje.

Hapo ndipo naona mtandao ulipobadilisha usomaji wa sheria kwa mtu wa Mbagala. Muhtasari ulitupa kanuni ya kutembea nayo. Hukumu nzima inakurudishia watu, fedha zao, ushahidi wao na uamuzi unaouma. Mpwa wangu akiulizwa swali la jirani yule, hakimbilii jina la kesi. Anauliza: kiwanja kilinunuliwa kabla ya ndoa au baada? Risiti za saruji ziko wapi? Mjumbe alishuhudia mauziano? Mumeo aliwahi kukupa mtaji?

Kuna kazi ambayo simu haijaimaliza. Tangu mwaka 2021 sheria imeelekeza Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, lakini hazina ya hukumu za zamani, ya Bi Hawa ikiwamo, imeandikwa kwa Kiingereza. Jirani yangu anaweza kuifungua kwa simu yake kama mimi, asiambulie neno. Kwa hiyo mpwa wangu amejiwekea utaratibu: Jumapili alasiri huenda kwenye kikundi cha vikoba na hukumu moja, anaieleza kwa Kiswahili tangu madai hadi amri, kisha anajibu maswali. Amekwisha kuwaeleza kesi ya Bi Hawa, na mwisho wake pia hakuuficha. Waligombana kuhusu ile hesabu ya mtaji mpaka magharibi.