Banda la Giza na Dhana Mbaya



Ndugu wasomaji, leo sitoi darasa la fiqhi. Naandika kosa langu mwenyewe, huenda likamfaa mzazi au mwanafunzi anayefuga kuku.

Hapa Buyenzi, Bujumbura, nina kuku 40 wa mayai nyuma ya madrasa. Mayai yao ndiyo yanayotununulia mikeka na misahafu. Nilikuwa napata mayai 30 na zaidi kwa siku. Mwanafunzi mmoja wa miaka 13, yatima, ndiye aliyekuwa akiyaokota.

Jirani alipoibiwa kuku, niliogopa. Nikaziba madirisha yote ya banda kwa mabati na mbao. Wiki 3 baadaye mayai yakawa 12. Sikulifikiria banda, nilimfikiria mtoto. Nikamwuliza mbele ya wenzake, "Mayai mengine yanakwenda wapi?" Akainamisha kichwa. "Maalim, ni hayo hayo." Kesho yake hakuja, wala kesho kutwa.

Nikamwita daktari wa mifugo, nikidhani labda kuna ugonjwa pia. Alipoingia bandani machozi yalimtoka kwa ukali wa harufu. Akasema, "Maalim, kuku hawa hawajui kama kumekucha."

Alinieleza kuwa mwanga hupita machoni na hata kwenye fuvu la kuku, ukafika kwenye ubongo, nao ndio unaoamsha homoni za kutaga. Kuku wa mayai anahitaji mwanga wa saa 14 hadi 16 kwa siku. Sisi tulio karibu na ikweta tunapata kama saa 12 mwaka mzima, na mimi niliwanyima hata hizo. Gizani kuku hali vizuri, na mwanga ukipungua ghafla anaweza kuacha kutaga na kunyonyoka manyoya.

Hewa nayo ni hivyo hivyo. Kinyesi kilicholowa hutoa gesi ya amonia inayochoma macho na mapafu. Kuku hatoki jasho, hujipoza kwa kuhema mdomo wazi. Joto likipita nyuzi 30 hula kidogo, mayai hupungua na maganda huwa membamba.

Siku ile ile tulibandua mbao. Tukaweka wavu imara, na nafasi juu karibu na paa ili hewa ya moto itoke. Tukatoa maranda yaliyolowa, tukaweka makavu. Kisha nikatundika taa ya sola, maana umeme wetu hukatika. Nilianza kuiwasha nusu saa kabla ya mapambazuko, nikaongeza kidogo kidogo kila wiki. Sasa naiwasha saa 9 usiku ninapoamka kwa tahajudi. Ni bora iwake alfajiri kuliko jioni, kwa sababu ikizimwa ghafla usiku kuku hubaki chini bila kuona fito za kulalia. Ila kuku wachanga wasiofikia umri wa kutaga msiwaongezee mwanga. Hutaga mapema, mayai huwa madogo, nao wanaweza kuumia.

Mayai yalirudi taratibu. Mtoto hakurudi.

Nilikwenda kwao. Mama yake alinikaribisha kwa heshima, akasema, "Maalim, mwanangu amesema hawezi kusoma mahali anapoonekana mwizi." Sikuwa na jibu. Nimeisomesha Suuratul Hujuraat miaka mingi, na makatazo ya dhana yamo humo, nami nikayasahau kwa ajili ya mayai.

Nilimwomba msamaha pale pale. Lakini nilimtuhumu mbele ya wenzake, hivyo nilirudia maneno yale mbele ya darasa zima, yeye akiwapo. Alinisamehe. Kazi ya mayai hakuitaka tena, nami sikumlazimisha. Ninayaokota mwenyewe.

Ndugu zangu, mayai yakipungua, ingieni kwanza bandani mchana, mfunge mlango na mkae humo kidogo. Mkishindwa kuona au kupumua vizuri, msimuulize mtoto.

Wabillaahi tawfiiq.